Ile Inayokubali

Kama kuna neno ambalo Tupokigwe angepewa uwezo wa kulifuta kwenye Kiswahili, angefuta "ile". Neno dogo, halina hatia, watoto wanalijua hata kabla hawajamaliza kuota meno. Lakini pale ofisini kwao Manzese, juu ya karakana ya kuchomelea mageti, neno hilo lilikuwa limemzeesha. Ana miaka ishirini na tisa tu, ila ukimwambia "Tupo, nitumie ile," unauona kabisa mshipa wa kipaji cha uso unavyocheza.

Ile ipi? Jamani, ile ipi?

Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Bosi alikuwa Revelian, mtu wa Bukoba, shati limenyooka saa zote, anayeweza kuongea na mteja hadi mteja akasahau alichokuja kulalamikia. Wa kuzunguka alikuwa Fakihi, mtoto wa Temeke kindakindaki: anakwenda kwenye zahanati, anawawekea watu programu kwenye tableti zao, anawafundisha, anarudi na malalamiko. Na fundi alikuwa Tupokigwe, aliyeiandika programu yote peke yake. Iliitwa Kadi Yangu. Kazi yake ni kuzisaidia zahanati ndogo kutunza orodha ya wajawazito wanaohudhuria kliniki: nani kaja, presha yake ilisomaje, arudi lini, na asiporudi apigiwe namba gani.

Sasa, Tupokigwe alikuwa na kitu alichokiita paipu. Kila akibadilisha jambo kwenye programu na kulipeleka mtandaoni, paipu inalipokea, inalipima, inalijenga, mwisho inatema mafaili. Siyo faili. Mafaili. Ugomvi wote ulianzia hapo, maana wenzake waliamini kwamba kikiingia kitu kimoja lazima kitoke kitu kimoja.

"Mbona nyie wagumu hivi?" aliwahi kuwauliza, amesimama mbele ya ubao na kalamu mkononi, mara ya tatu mwezi huohuo. "Hii inaitwa dibagi. Ni ya kwangu mie, ya majaribio. Inaongea na seva ya majaribio, haitakiwi kumfikia mteja hata kwa bahati mbaya. Hii ni rilisi. Imepigwa muhuri wa kampuni, inaongea na seva yenyewe, hii ndiyo ya mteja. Hili ni furushi la dukani, tunalipandisha kwenye duka la mtandaoni, ukiliweka kwenye simu hivihivi halifunguki. Na hii ni ripoti ya vipimo, ya kusoma tu. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa sana," alisema bosi.

Wiki hiyohiyo bosi akamtumia mteja wa Mbagala furushi la dukani, kisa lilikuwa kubwa kuliko mengine na yeye alidhani kubwa ndilo lililokamilika. Mteja akahangaika nalo siku mbili. Mwezi uliofuata akawatumia wafadhili ripoti ya vipimo, kurasa arobaini za alama za vema za kijani, na wafadhili wakajibu kwamba programu ni nzuri, hongereni. Siku hiyo Tupokigwe alikwenda chooni, akafunga mlango, akasimama humo dakika tano.

Fakihi naye alikuwa na utaratibu wake, na ndio uliokuwa ukimmaliza Tupokigwe zaidi. Fakihi hakusomaga majina. Mafaili yote yalikuwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, na kila aliyelipitisha faili alikuwa amelibatiza upya: MPYA, MPYA KABISA, TUMIA HII, HII NDIYO. Akifika kwa mteja, Fakihi anajaribu moja. Ikikataa, anajaribu nyingine. Ikikubali, hiyo ndiyo.

"Simu yenyewe ndiyo inajua, sista Tupo," alikuwa akisema, anacheka. "Mie nani nibishane na simu?"

Halafu simu za wateja. Hazikukatika. Mara Mbagala, mara Tandika, mara mama fulani mwenye sauti nzito anauliza kama hii aliyowekewa ndiyo yenyewe au kuna nyingine inakuja. Tupokigwe alizijibu zote macho yakiwa kwenye kioo, simu ameibana kwa bega, na akikata tu ameshasahau aliongea na nani.

Basi, Ijumaa moja saa nne asubuhi Revelian alitoka kwenye kijichumba chake ameshika kompyuta yake kama sinia.

"Gongo la Mboto sifuri," alisema.

"Sifuri ya nini?"

"Ya kila kitu. Zahanati ya Nesi Tabu ina wiki tatu na programu yako. Natazama hapa kwenye seva, hawajasajili mama hata mmoja. Jumatatu nina kikao na wenye zahanati kumi na mbili. Niwaambie nini, Tupo? Kwamba Gongo la Mboto watu wameacha kuzaa?"

"Programu yangu" tena. Ikisifiwa ni ya kampuni, ikiharibika ni ya kwake. Tupokigwe akamgeukia Fakihi aliyekuwa anakunywa chai dirishani.

"Fakihi. Kwa Nesi Tabu uliweka ipi?"

"Ile."

Karakana chini ilikuwa inasaga chuma na hata hivyo kila mtu alisikia Tupokigwe alivyovuta pumzi.

"Ile ipi?"

"Ile inayokubali."

Akaeleza, tena kwa kujiamini kabisa. Siku ya kwanza alikwenda kufundisha, akaweka moja kwenye tableti ya zahanati, wakafanyia mazoezi, ikawa safi. Kesho yake akarudi kuweka ile nyingine ambayo Tupo alimsisitizia. Ikakataa. Akajaribu mara tatu, ikakataa mara tatu. Akaona isiwe taabu, hii mbovu. Akawaachia ya jana.

Tupokigwe alikaa. Alielewa kila kitu palepale, na kuelewa huko ndiko kulikompandisha hasira. Ya kwanza ilikuwa dibagi. Ya pili, rilisi, ilikataa kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa ifanye: tableti ikiona programu mbili za jina moja zenye mihuri tofauti, haikubali moja ikalie kiti cha mwenzake. Mpaka uifute ya kwanza. Kwa hiyo wiki tatu nzima nesi wa watu alikuwa anaandika wajawazito wake kwenye kitu cha majaribio.

"Kwa hiyo nzuri ikikataa ni mbovu," alisema taratibu, "na ya kuchezea ikikubali ndiyo nzuri."

"Sasa sista Tupo, mie ningejuaje? Zote zinafanana."

"Nimewachorea ubaoni! Mara tatu! Nilichora na rangi!" Sasa alikuwa amesimama. "Hivi Fakihi, kichwani mwako kuna nini? Kazi yako ni moja tu, kubeba faili kutoka hapa kupeleka pale, na hiyo moja imekushinda. Wewe ni mzigo. Ofisi nzima hii inakubeba wewe mgongoni!"

Bosi akatazama viatu vyake. Fakihi aliweka kikombe chini. Yule Fakihi wa kucheka hakuwepo.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza.

"Unakwenda Gongo la Mboto, sasa hivi. Ile dibagi unaifuta. Futa kabisa, isibaki hata harufu. Halafu unaweka rilisi, hii hapa nakutumia. Futa, weka. Maneno mawili. Utaweza kuyabeba?"

"Nitaweza," alisema Fakihi. "Leo Ijumaa. Nitaswali hukohuko, nikitoka msikitini naingia zahanati."

Akachukua helmeti yake akateremka ngazi. Hakuaga, na Fakihi hakuwahi kuondoka mahali bila kuaga.

Tupokigwe alirudi kwenye kazi yake na hasira zake. Ilikuwa saa sita na nusu alipopoa kidogo na kukumbuka kwamba kuna jambo la kiungwana alitakiwa alifanye: orodha ya Nesi Tabu. Siyo kosa la nesi. Majina ya mama zake yapo kwenye seva ya majaribio, angeyanyanyua tu huko ayapeleke kwenye seva yenyewe, nesi akifungua rilisi ayakute yote yamemsubiri. Kazi ya nusu saa. Akafungua seva ya majaribio.

Sifuri.

Akatazama tena. Sifuri, na juu yake tarehe ya leo, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

"Yesu wangu," alisema.

Paipu. Ni yeye mwenyewe aliyeiagiza, mwaka jana, kwamba kila ikimaliza kujenga iisafishe seva ya majaribio, ili majaribio yanayofuata yaanze na meza safi. Na asubuhi alipofika kazini alikuwa ameiendesha. Na jana. Na juzi mara nne. Alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake, ila wakati anamfokea Fakihi hasira zilikuwa zimekaa mbele, akili nyuma.

Kwa hiyo orodha ya Nesi Tabu haikuwepo kwenye seva yenyewe. Haikuwepo kwenye seva ya majaribio. Ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile tableti, kwa sababu programu hujiwekea nakala yake humohumo. Na ukiifuta programu, nakala inakwenda nayo. Naye ndiye aliyemtuma mtu akafute, isibaki hata harufu.

Madaftari? Hakuna madaftari. Revelian alikuwa ameyakusanya kwa mbwembwe siku ya uzinduzi, akapigwa picha anayapokea kutoka kwa nesi, akasema zama za madaftari zimekwisha. Kila mama ana kadi yake ya kliniki, sawa, lakini kadi mama anaondoka nayo. Orodha ndiyo inayomwambia nesi nani alitakiwa aje leo na hajaonekana. Fakihi mwenyewe ndiye aliyewahi kusimulia, kwa fahari, kwamba Nesi Tabu ana mama kumi na mmoja wa presha ya kupanda, kila mmoja kamwekea alama nyekundu, na asiyetokea siku yake anampigia simu mpaka apatikane. Bila orodha angempigia nani?

Akampigia Fakihi. Simu imezimwa. Bila shaka imezimwa, mtu yuko kwenye swala! Akampigia Nesi Tabu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita tena. Ijumaa siku ya kliniki, simu iko kwenye mkoba, mkoba uko kabatini. Akapiga namba ya mapokezi aliyoikuta kwenye mkataba, akajibiwa na fundi cherehani wa Kigogo.

"Unakwenda wapi?" Revelian aliuliza alipoona anachomoa kompyuta na kutupia waya kwenye begi.

"Kumzuia Fakihi."

"Si umemtuma wewe?"

Tupokigwe alikuwa na jibu, ila lilikuwa la kufukuzisha kazi.

Kutoka Manzese mpaka Gongo la Mboto kwa bodaboda, saa saba mchana, huo siyo mwendo wa kumwombea mtu unayempenda. Ubungo foleni. Barabara ya Mandela malori yamekaa kama yamepanga nyumba. Dereva wake alijipenyeza, akapanda ukingoni, akatukanwa na mwenye lori, akamtukana naye, wakaendelea. Buguruni simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa akidhani ni Fakihi. Alikuwa bosi.

"Tupo, kwa kuwa unakwenda mwenyewe, usisahau kumpelekea ile."

Alikata. Alimkatia bosi simu, mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, na hakujisikia vibaya hata kidogo. Halafu njia nzima ya Uwanja wa Ndege mpaka Ukonga alikuwa anampigia Fakihi, bado imezimwa, na kupiga hesabu: swala imekwisha saa saba na robo. Kutoka msikitini mpaka zahanati, dakika tano. Kufuta programu, sekunde tatu.

Alifika saa nane kasoro dakika kumi. Zahanati ilikuwa nyumba ya kawaida iliyopakwa rangi ya kijani nusu ukuta, kibaraza mbele, mabenchi mawili ya wajawazito. Na kwenye benchi la pili, mwisho kabisa, amebanwa na mama mmoja mwenye tumbo la miezi minane, alikuwa amekaa Fakihi na kanzu yake, helmeti mapajani.

"Umefuta?" Tupokigwe alisema hata kabla hajasalimia.

Fakihi alisimama. "Sista Tupo, nisikilize kwanza, usinigombeze mbele za watu..."

"Fakihi! Umefuta?"

"Nimeshindwa."

"Umeshindwa?"

"Nesi amekataa. Kaninyang'anya tableti, kaifungia kwenye kabati la dawa. Nimemwomba, nimembembeleza, kaniambia nikae hapa mpaka fundi mwenyewe aje."

Tupokigwe alitaka kumkumbatia. Alikaa palepale benchini, na yule mama wa miezi minane ndiye aliyemsogezea chupa yake ya maji.

Nesi Tabu aliwaita ndani alipomaliza kumpima aliyekuwa naye. Alikuwa mtu mzima, Mzaramo wa Pugu, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi? Haya, afadhali. Maana huyu kijana wako kanijia hapa na habari za kufuta. Nikamwambia baba, hapa hakitoki kitu wala hakiingii kitu nisichokijua. Unachotoa ni nini, unachoweka ni nini? Kanionyesha picha mbili. Hii ya buluu imeandikwa Kadi Yangu. Na hii ya buluu imeandikwa Kadi Yangu. Nikamuuliza tofauti yake iko wapi, kaniambia moja inakubali moja inakataa. Ebo!"

Fakihi aliinamisha kichwa.

Nesi akachukua ufunguo kwenye mfuko wa gauni lake, akafungua kabati. Tableti ilikuwa imelala kati ya maboksi ya vidonge vya madini. Kabla hajaitoa, alitoa kichupa kimoja akakiweka mezani. Kilikuwa na maji meupe, na kwenye karatasi iliyobandikwa mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwakubwa: YA KUFUNDISHIA.

"Hiki kina maji matupu. Wanafunzi wanajifunzia kuvuta sindano. Zamani, kituo nilichokuwaga, vichupa vya kufundishia na vya mgonjwa vilikuwa sare, mtu anajua kwa kukariri. Kilichofanya tuvitenganishe sitakisimulia, mama zangu wako nje wanasikia. Ila tangu siku hiyo mie kisichokuwa na lebo hakimgusi mtu wangu. Hata kikiwa maji. Hata aliyekitengeneza akiniapia."

Tupokigwe alikitazama kile kichupa. Mawazoni mwake ilipita orodha yake ya kazi, mstari wa tisa kutoka juu: *dibagi ipewe jina lake na rangi yake*. Mistari miwili ya kuandika. Aliuweka hapo miezi minane iliyopita, na kila wiki aliusogeza mbele, kwa sababu yeye mwenyewe hakuhitaji. Yeye anazijua. Alikuwa ametumia saa ngapi kuchora ubaoni, kwa rangi, kitu ambacho angekiandika kwenye programu kwa dakika mbili?

"Naomba tableti, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Sifuti kitu. Natoa nakala tu."

Akachomeka waya. Jambo la kuudhi, na siku hiyo hayakukosekana, ni kwamba kilichomwokoa kilikuwa ile dibagi yenyewe. Rilisi ingekuwa imejifunga, hata yeye aliyeitengeneza ingemwacha nje. Dibagi, kwa kuwa ni ya fundi, inamwachia fundi aingie ndani. Aliingia, akayakuta majina, akayavuta yote kwenye kompyuta, akayapeleka kwenye seva yenyewe, kisha akamgeuzia nesi kioo.

"Mia moja sitini na tatu," Nesi Tabu alisoma. "Ndiyo. Na wekundu wangu?"

Walihesabu pamoja, nesi kwa kidole. Kumi na mmoja. Wa tisa alitakiwa aje siku hiyo asubuhi na hakuwa ameonekana. Nesi alitoa simu kwenye mkoba, akashangaa kukuta imepigwa mara kumi na nne na namba moja, akaipuuza, akampigia mama huyo kwanza. Alipokewa. Mama alikuwa Majohe, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, alikuwa anangoja mumewe arudi jioni.

"Jioni ya nini? Panda bajaji sasa hivi, we mtoto, uje!"

Alipokata, Tupokigwe alikuwa anaitazama namba ya yule mama kwenye kioo cha kompyuta, tarakimu kumi, na kufikiria sekunde tatu za kufuta.

"Sasa," alisema Nesi Tabu, akivaa miwani, "nani aliyetoa kitu bila lebo? Nataka kuandika."

Alikuwa anatoa kabatini kitabu kikubwa, cha jalada gumu, kile ambacho bosi hakukichukua kwa sababu kilikuwa cha dawa. Tupokigwe alimtazama Fakihi. Huyu hapa sasa. Katukanwa asubuhi mbele ya bosi, kakalishwa benchini na wajawazito nusu saa nzima, na sasa kaulizwa swali ambalo jibu lake limekaa pembeni yake.

"Ni mambo ya ofisi tu, mama," alisema Fakihi. "Tulichanganya wenyewe. Sote."

Nesi alifungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta mahali. "Maana siku niliyowekewa niliandika. Mie naandika kila kinachoingia. Haya hapa."

Akageuza kitabu kuwaelekea. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyechapwa fimbo shuleni mpaka ukanyooka. Tarehe, wiki tatu nyuma. Kilichoingia: programu ya tableti. Lebo: hakuna. Na chini yake, kwenye nafasi ya maelezo:

*Jana ilikubali, leo nyingine imekataa. Kijana hana hakika. Nimempigia fundi, bibie Tupokigwe, kumuuliza hii niliyonayo ndiyo yenyewe. Kasema: ni ileile mama, tumia tu.*

Tupokigwe alisoma mara mbili. Sauti nzito. Simu imebanwa kwa bega. Hakukumbuka siku, hakukumbuka alikuwa anaandika nini kwenye kioo wakati huo, lakini maneno aliyatambua. Yalikuwa yake. Mtu mmoja tu, katika wote hao, alikuwa amefanya jambo la akili, akapiga simu kuuliza ile ipi, na yeye ndiye aliyemjibu "ileile".

Fakihi alikuwa amesoma pia. Alijua kusoma vizuri sana alipotaka.

"Ni mimi, mama," alisema Tupokigwe. "Andika jina langu. Nimetengeneza mimi, na nilipoulizwa nikajibu ovyo."

"Sitaandika. Utaandika mwenyewe." Nesi akampa kalamu. "Na hiyo nyingine haiingii kwenye tableti yangu mpaka niione inaitwa nani."

Kwa hiyo aliandika mwenyewe, akatia sahihi, kisha akatoka akakaa kwenye benchi la wajawazito na kompyuta mapajani. Mistari miwili. Akaipeleka, paipu ikaanza kusaga. Dakika kumi na mbili. Bajaji ikaingia kutoka Majohe, mama akateremshwa, Nesi Tabu akampokea kwa mkono mmoja na kipima presha kwa mkono wa pili, mlango ukafungwa.

Simu iliita. Bosi.

"Tupo! Umeshampa ile?"

Alifumba macho. Mshipa wa kipaji ukacheza, akauacha ucheze.

"Bosi, kuanzia leo ya mteja ni ya buluu, imeandikwa Kadi Yangu. Ya majaribio ni nyekundu, imeandikwa YA MAJARIBIO. Na kwenye grupu hakuna wa kubadilisha jina la faili tena, mie nikiwemo. Nitakupigia."

Fakihi alikuwa amekaa pembeni yake, anachezea kamba ya helmeti. Paipu ilikuwa imebakiza dakika nne. Tupokigwe alifunga kompyuta nusu.

"Fakihi," alisema, "nisamehe kwa ile ya asubuhi."

Fakihi alimgeukia, uso mkavu kabisa, hata tabasamu hakuna.

"Ile ipi, sista Tupo?"

Mama wa miezi minane alikuwa anasikiliza, na wenzake wawili pia, wala hawakujificha. Tupokigwe alitazama chini, akajikohoza.

"Ya kukuita mzigo," alisema. "Mbele ya bosi. Na ya kusema kazi imekushinda, wakati kilichokushinda nilikitengeneza mimi."

"Hapo nimekuelewa," alisema Fakihi, akamsogezea helmeti aweke kompyuta yake juu yake, isimchome mapaja kwa joto.